Waliocheka na Walionuna

Twaiba alikuwa amejiapiza kwamba hatacheka. Aliingia ukumbini saa nane kasorobo mchana, akachagua kiti cha mstari wa nne karibu na ukuta, akalivuta buibui lake vizuri na kuweka mkoba mapajani kama mtu anayengoja zamu yake kwa daktari. Pembeni yake aliketi Concepta, mwalimu mwenzake wa chekechea kule Msambweni. Concepta alikuwa mtu wa bara, mwaka wake wa tatu huu pwani, na ndiye aliyemshurutisha kuja.

"Wewe jifanye tu umekuja kunisindikiza," Concepta alimnong'oneza. "Hakuna mtu atajua."

"Ukunda nzima inajua," Twaiba akajibu.

Alisema kweli. Tangu Alfani alipobandika matangazo ya filamu yake kwenye milango ya vinyozi na vibanda vya simu, kuanzia Diani hadi Msambweni, kila aliyekutana na Twaiba alimuuliza kama atakwenda. Watu walijua kwamba wawili hao walipendana miaka minne. Walijua kwamba mwaka mmoja na nusu uliopita posa ya Alfani ilikataliwa. Na sasa walijua kwamba Mbarak, mwenye duka la dawa, ameleta posa yake, na wazee wake watarudi Ijumaa kuchukua jibu.

Filamu iliitwa *Mkwe wa Mawimbi*. Kazi ya Alfani ilikuwa kuwafundisha wageni kusimama juu ya ubao na kuteleza na mawimbi kule ufukweni, na filamu yenyewe aliipiga kwa simu mbili na kamera moja ya kuazima. Waigizaji walikuwa wapishi, walinzi na wahudumu wa hoteli waliojitolea siku zao za mapumziko. Madirisha ya ukumbi yalikuwa yamefunikwa mashuka meusi, lakini jua la saa nane lilipenya kila pembe, na picha ukutani ikatoka imepauka.

Dakika kumi za mwanzo hakuna aliyejua kama anapaswa kucheka. Sauti ilikuwa ya upepo kuliko ya watu. Mwalimu wa mawimbi alimsimamisha mgeni mnene juu ya ubao, mgeni akaanguka. Akamsimamisha tena, akaanguka tena. Vijana waliokaa mbele, wenye nywele zilizoungua kwa jua na chumvi, walicheka kabla hata mgeni hajaanguka, kwa sababu waliyajua hayo. Wazee waliokaa nyuma walitazama saa zao.

Kisha akatokea papa. Alikuwa gunia lililobandikwa pezi la boksi, na ubavuni jina la unga uliokuwamo lilisomeka waziwazi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ila haikujulikana kama watu waliicheka hadithi au waliwacheka walioitengeneza. Alfani, aliyesimama kando ya ukuta wa mbele akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi, naye alitabasamu kwa namna ya mtu asiyejua. Twaiba aliliona tabasamu lile, akayarudisha macho ukutani. Ilikuwa miezi sita hajamwona. Alikuwa amekonda kidogo mashavuni.

"Maji yalikuwa yamekupwa sasa hivi," mvuvi mmoja alilalamika nyuma yao. "Mwalimu ameuliza swali maji yamekupwa, amejibiwa maji yamejaa. Swali gani hilo la kungoja jibu saa sita?"

Concepta alicheka mpaka akaushika mkono wa Twaiba. Twaiba akauacha mkono wake ushikwe.

Ndipo ilipofika sehemu ya posa. Mwalimu wa mawimbi alimtuma mshenga kwa mzee mmoja mwenye binti. Mzee aliigizwa na Onesmus, mpishi wa hoteli mwenye tumbo kubwa na lafudhi ya bara, kavaa kanzu iliyomfika nusu ya miguu. Binti alionekana kwa nyuma tu, kajitanda leso, anakoroga chungu. Mshenga alieleza haja yake. Mzee akakohoa, akanyanyua kidole, akasema:

"Binti yangu simwozi mtu anayesimama juu ya ubao kutwa nzima, jioni akashuka palepale alipopandia."

Ukumbi ulipasuka. Watu walipiga viti, walipiga mapaja, wengine walirudiarudia maneno yale kama waliopewa zawadi. Hata wazee wa nyuma walicheka. Katika filamu yote, hakuna neno lililowachekesha watu kama lile.

Twaiba aliyatambua. Maneno yale hayakuwa ya kutungwa. Baba yake, Mzee Chirau, aliyasema sebuleni kwake, neno kwa neno, siku alipokuja mshenga wa Alfani. Mshenga alikuwa mtu mpole. Alirudi akasema tu kwamba mzee bado hajawa tayari. Mtu wa tatu aliyeyasikia alikuwa Twaiba mwenyewe, aliyekuwa jikoni. Na ni yeye aliyempigia Alfani simu jioni ile, akamtajia maneno yote huku akilia.

Aligeuka bila kujua kwa nini amegeuka. Mstari wa mwisho, chini ya dirisha ambalo shuka lake lilikuwa limeporomoka upande mmoja, baba yake alikuwa ameketi wima, kofia kichwani, mikono juu ya magoti. Hakucheka, wala hakununa. Alikuwa akimtazama yeye.

Twaiba akarudisha uso mbele. Sehemu iliyobaki ya filamu aliiona kama mtu anayetazama mvua. Mzee wa kwenye filamu alipandishwa juu ya ubao kwa hila, akachukuliwa na wimbi, kanzu ikajaa upepo, akatupwa mchangani mbele ya watalii. Mwishowe akakubali. Watu wengi walipiga makofi. Wachache hawakupiga, wawili watatu walikuwa wameshatoka.

Mashuka yaliposhushwa na mwanga kuingia, Owen, aliyekuwa mshereheshaji, alichukua kipaza sauti. "Sasa tuongee ukweli, watu wangu. Imewabamba, mmeifurahia, ama haijawabamba?"

Kijana mmoja wa mbele alisimama upesi. "Hiyo ndiyo sisi! Kila siku tunaonekana kwenye picha za wageni, sisi ni mapambo tu nyuma yao. Leo tumejiona tukiongea. Mimi sina la kuongeza."

"Mimi ninalo," akasema Sanga, mlinzi wa hoteli moja. "Mlinzi kwenye filamu amelala tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi ninalinda mwaka wa kumi na moja huu. Sijalala hata siku moja." Wenzake waliokaa naye walicheka kuliko walivyocheka filamu yenyewe, naye akakaa chini amekasirika.

Bi Kadzo, muuza viazi karai, alikikataa kipaza sauti akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Nimecheka, sikatai. Lakini nimecheka na haya imenishika. Mtu mzima na kanzu yake, anatupwa kama kifuu cha nazi? Wajukuu zangu wameona. Kesho watataka kunitupa mimi."

Concepta naye akasimama. "Mimi nimeenjoi sana, aki. Lakini hiyo papa, jamani! Hiyo ilikuwa gunia ya unga!"

Baada ya kicheko kutulia, msichana mmoja aliyevaa sare ya hoteli aliomba nafasi. "Swali langu dogo. Bibi harusi mbona hana mdomo? Saa nzima tumeona mgongo wake tu."

Alfani alipokea kipaza sauti, akafikiri kidogo. "Bajeti ya uso haikutosha," akasema.

Watu wakacheka. Twaiba alitazama mikono yake.

"Nipewe nafasi," ikasikika sauti kutoka nyuma.

Mzee Chirau alikuwa amesimama. Watu wa Ukunda walimjua. Kanzu nyingi zilizovaliwa pale siku za Idi zilitoka kwenye cherehani yake kule Msambweni. Minong'ono ilipita mstari kwa mstari, kisha ikakatika.

"Asalamu alaykum," alisema. Wakamwitikia. "Kwanza, ile si kanzu. Ile ni shuka iliyotobolewa tundu. Mkipiga filamu nyingine njooni kwangu, nitawashonea, msitutie aibu." Watu walicheka kwa furaha, wakidhani mambo yamekwisha vizuri. Mzee alingoja. "La pili. Lile neno la ubao ni langu. Nililisema nyumbani kwangu, mbele ya mgeni mmoja. Leo limechekwa na watu mia. Sisemi nimesingiziwa. Ninauliza tu, limefikaje hapa?"

Hakumtazama Twaiba alipouliza. Hilo lilimuuma Twaiba zaidi ya kama angemtazama.

Alfani alishuka kutoka mbele, akapita katikati ya viti, kipaza sauti bado mkononi. Alipomfikia mzee alipiga magoti sakafuni. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Nimekukosea, ninaomba radhi. Na kwa kuwa umekuja mwenyewe, basi mbele ya watu hawa wote ninaomba tena kile nilichonyimwa. Nipe Twaiba nimuoe."

Ukumbi ulilipuka. Kigelegele kilitoka upande wa wanawake, vijana wakaanza kuimba, "Mpe! Mpe! Mpe!" huku wakipiga viti. Owen alinyanyua simu yake kurekodi. Wengine wakamfuata.

Mzee Chirau alingoja kelele zipungue. "Simama, kijana," alisema taratibu. "Unapigiwa makofi, hujajibiwa."

Alfani aliinuka. Macho yake yalizunguka ukumbini mpaka yakampata Twaiba, na kwa nukta moja Twaiba alimwona Alfani wa zamani, aliyekuwa akimngoja nje ya shule na viatu mkononi, miguu imejaa mchanga. Kila kitu ndani yake kilitaka kumwendea. Simu zaidi ya ishirini zilikuwa zimegeuzwa upande wake. Alichukua mkoba, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Alfani alimkuta nyuma ya ukumbi, kwenye kivuli chembamba cha tangi la maji.

"Twaiba. Ningojee."

"Nimesimama. Sema."

Alfani alikuwa anahema. Alinyoosha mkono, akaurudisha kabla haujamgusa. "Nilidhani utafurahi."

"Kwa lipi?"

"Kwa kuwa nimeomba hadharani. Sikujificha nyuma ya mshenga. Watu wote wameshuhudia."

"Watu walikuwa wanamlazimisha baba yangu kwa makofi, Alfani. Angesema hapana, wangemzomea. Mimi ningesema hapana, wangenizomea mimi. Hiyo ni posa au ni mtego?"

"Ungesema hapana?"

Bomba la tangi lilikuwa likivuja, na tone baada ya tone lilikuwa limechimba kishimo kwenye saruji. Twaiba alikitazama kishimo kile.

"Lile neno," alisema mwishowe. "Nilikupa ulilie pamoja nami. Sikukupa ukachekeshe watu."

"Nililia. Miezi minne nililia. Wa tano nikaanza kuliona lilivyo zuri. Baba yako ana ulimi, Twaiba. Ningekaa mwaka mzima nisingeweza kutunga vile. Na nilipoanza kulicheka likaacha kuniuma."

"Likaanza kumuuma yeye."

"Sikujua angekuja."

"Kwa hiyo kosa ni kuja kwake."

Alfani alijifuta uso kwa mkono wa shati jeupe. "Ningemwomba ruhusa angekataa."

"Basi ungekataliwa. Haingekuwa mara ya kwanza."

Alfani alirudi nyuma hatua moja. Twaiba aliona jinsi neno lilivyomwingia, akatamani kulirudisha, lakini hakulirudisha.

"Na mimi je?" aliuliza. "Niko wapi mle ndani? Mpishi ameongea, mlinzi aliyelala amekoroma, hata papa wa gunia amenguruma. Mimi nimekoroga chungu."

"Hatukupata msichana wa kuigiza. Kila tuliyemwendea, kwao walikataa."

"Ungenipigia simu, uniulize nilisema nini siku ile. Mshenga alipotoka, nilitoka jikoni nikamwambia baba yangu neno. Unalijua?"

"Hapana."

"Hukuwahi kuuliza. Ulichukua neno la baba ukaondoka nalo. Na msichana wa watu alipokuuliza leo, ukamfanyia mzaha." Sauti yake haikupanda. "Bajeti ya uso."

Kutoka msikitini adhana ya alasiri ilianza. Wote wawili walinyamaza mpaka ilipokwisha, kama walivyozoea kufanya miaka ile walipokuwa wakikaa pamoja, na katika kimya hicho Alfani alimtazama bila kupepesa. Twaiba alijua akiinua macho tu, hasira zake zitayeyuka. Hakuyainua.

"Uliniambia neno gani," Alfani aliuliza kwa sauti ya chini. "Yaani, ulimwambia nini?"

"Leo sikuambii. Leo unauliza kwa sababu umeshtuka. Nenda ukasali."

"Na Ijumaa? Mbarak?"

"Ya Ijumaa ni yangu."

Alfani alisimama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaenda. Alipofika pembeni mwa ukumbi aligeuka, na safari hii Twaiba alikuwa anamtazama.

Mzee Chirau alipotoka msikitini alimkuta binti yake ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la muuza maji ya miwa. Concepta alikuwa ameshatangulia nyumbani. Mzee aliketi, akaagiza glasi mbili, moja bila ndimu kwa sababu alijua binti yake haipendi ndimu. Walikunywa nusu. Mashine ya kukamulia miwa ilinguruma, ikanyamaza.

"Nani alikuambia uje, Baba?"

"Kila mteja aliyekuja kupimwa kanzu wiki hii. Walikuwa wananiuliza kama nitakwenda, kwa namna ambayo mtu hamuulizi mwenzake ila kama kuna jambo." Alipangusa midomo kwa leso. "Nilijua nitachekwa. Sikujua nitachekwa kwa neno langu mwenyewe."

"Ni mimi niliyempa neno hilo."

"Ninajua. Jikoni kulikuwa na mtu mmoja."

"Nisamehe, Baba."

"Nimeshakusamehe. Nilikuwa nakusamehe mle ndani nilipokuwa nakutazama, ila uligeuka upesi." Mzee alizungusha glasi mkononi. "Nami ninalo la kuomba. Siku ile ulitoka jikoni, ukaniambia, 'Baba, nitakayeishi naye ni mimi.' Unakumbuka?"

"Ninakumbuka."

"Nilijifanya ninatafuta uzi. Nilikusikia vizuri sana." Aliyatoa maneno yale kwa shida, kama mtu anayetoa sindano iliyovunjikia kidoleni. "Leo yule msichana alipouliza mbona bibi harusi hana mdomo, kijana wako alifanya mzaha na watu wakacheka. Mimi nikasema moyoni, Chirau, huyu kijana hakukosea picha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwako."

Twaiba aliweka glasi chini.

"Ijumaa wazee wa Mbarak wanakuja," mzee aliendelea. "Mimi ningependa awe yeye, sikufichi. Ana kazi ya kueleweka na ana adabu. Lakini nakuuliza leo, jambo ambalo sikulifanya mara ya kwanza. Niwaambie nini?"

"Waambie binti ameshukuru, na amekataa. Mbarak ni mtu mwema, Baba. Simtaki."

Mzee alipokea jibu lile kwa kuinamisha kichwa. Ilionekana limemgharimu. "Na huyu wa mbao?"

Twaiba alitazama ng'ambo, kwenye mlango wa ukumbi. Watu walikuwa bado wamesimama makundi makundi wakibishana. Mmoja alikuwa akiigiza mzee anavyoanguka kwenye wimbi, mwingine akimkanya kwa kidole. Alfani hakuwa miongoni mwao.

"Ninampenda," alisema. "Lakini leo simtaki."

"Kuna namna hiyo?"

"Ipo, Baba. Ndiyo niliyo nayo."

Mzee Chirau hakuwa mtu wa kuelewa mambo haraka, na hakujifanya ameelewa. "Nikimwambia hivyo atapiga filamu nyingine," alisema.

"Usimwambie wewe. Jumapili ijayo utakuwa nyumbani?"

"Nitakuwepo."

"Nitamwita. Aje peke yake, asije na mshenga wala simu ya kurekodi. Akuombe radhi kwanza, bila watu wa kumpigia makofi, tuone kama anaweza. Kisha nitamuuliza maswali yangu mbele yako. Akinijibu vizuri utasikia, na asiponijibu utasikia pia."

"Na mimi je, nitafanya nini?"

"Utakaa kwenye kiti chako, Baba, kama siku zote. Ila maneno nitayaanza mimi."

Mzee aliinua glasi yake, akamalizia maji ya miwa yaliyobaki, akampa muuzaji. Kisha akainuka, akaipangusa kanzu yake nyuma, akamngoja binti yake naye ainuke.

"Haya," alisema.